Kabla Hujamwita Mgeni, Tazama Umri Wake

Madaftari ya watazama ndege wa kwetu yamejaa ndege adimu ambao hawakuwahi kuwepo. Mdiria mwenye mdomo mweusi kwenye mafunjo ya Ziwa Naivasha huandikwa kuwa aina ngeni, kumbe ni mdiria yuleyule mdogo wa buluu anayevua pale kila siku, ila huyu katoka kiotani majuzi na mdomo wake haujaanza kuwa mwekundu. Ndege mwenye tumbo jeupe anayetembea juu ya majani ya yungiyungi hutangazwa kuwa jakana mdogo, ambaye watu hufunga safari kumtafuta, kumbe ni kijana wa jakana wa kawaida ambaye tumbo lake halijageuka hudhurungi. Tai wa kahawia asiyefanana na picha yoyote kitabuni huwekewa alama ya kuuliza na kusahaulika.

Anayetaka kutoka katika hali hiyo abadili mpangilio wa maswali. Ndege akikutatiza, usianze na aina yake. Anza na umri. Ukishajua kwamba unamtazama mtoto, orodha ya wanaoweza kuwa yeye hubadilika papo hapo, na mara nyingi hubakia jina unalolijua tangu zamani.

Kwa kazi ya kawaida ya darubini na daftari, makundi 3 yanatosha. Kinda ni aliye kiotani, au aliyetoka lakini bado analishwa. Kijana anajitafutia riziki mwenyewe ila hajavaa manyoya ya ukubwani. Mpevu ndiye aliyekamilika, yule aliyechorwa kitabuni. Wanaovisha ndege pete za utafiti hugawanya zaidi ya hapo, na wana sababu zao. Wewe ukiweza kutenganisha hao 3 bila kubahatisha, umeshawapita wengi.

Kosa la kwanza ni kutafuta ndege mwenye umbo dogo. Tumezoea kuku, na vifaranga vya kuku hutembea nje vikiwa vidogo vya kushikika kiganjani. Kanga, kware, bata na mbuni wako hivyohivyo. Lakini shore, kwezi, kunguru, mwewe na tai hulelewa kiotani mpaka wanakaribia kimo cha wazazi, na siku wanaporuka mara ya kwanza huwezi kuwatofautisha kwa ukubwa. Kwa tai wengi mambo yamegeuka kabisa: kijana ana mkia mrefu zaidi na mbawa pana zaidi kuliko mpevu, kwa hiyo angani huonekana mkubwa kuliko baba yake.

Pungu ndiye mfano wa wazi kuliko wote. Mpevu ni mweusi, mgongo wa rangi ya udongo mwekundu, uso na miguu vyekundu vya kung'aa, na mkia mfupi mno hata miguu inatokeza nyuma yake akiwa anaruka. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini mtoto wa pungu utadhani ni wa jirani: kahawia mwili mzima, uso wa kijivu chenye ukijani, na mkia uliorefuka kiasi cha kuifunika miguu. Humchukua miaka 6 hadi 8 kufikia mavazi ya wazazi wake, na kila anapobadili manyoya mkia hupungua kidogo. Kisichobadilika ni namna anavyoruka. Kichwa kikubwa, mbawa ndefu zilizoinuliwa juu kidogo, na ule mtindo wa kuyumba kulia na kushoto bila kupiga bawa anao tangu wiki zake za mwanzo angani. Rangi ikikuchanganya, rudi kwenye umbo na mwendo, maana hivyo hurithiwa mapema. Kisha urefu wa mkia ukilinganishwa na miguu ukuambie umri.

Ukipata sekunde chache tu za kumtazama ndege mdogo, zielekeze mdomoni. Kinda aliyetoka kiotani karibuni ana ngozi nene na laini kwenye kona za mdomo, ya manjano, nyeupe au waridi kutegemea aina. Ndiyo inayomwongoza mzazi mahali pa kuingiza mdudu kiotani mwenye giza. Kwa shomoro, shore na kwezi huonekana vizuri hata bila darubini, na humfanya ndege aonekane kama amenuna. Hupungua taratibu baada ya kutoka kiotani, kwa hiyo ukiiona imevimba umepata jibu. Ukiuona mstari mwembamba tu wa rangi usikimbilie kuamua.

Tabia nayo husaidia. Kinda huinama, hutetemesha mbawa na hulia bila kukoma kila mkubwa anapokaribia. Hapo pana mtego ambao vitabu vingi havitaji: majike wapevu wa ndege kadhaa hufanya vilevile wakati wa uchumba, wakiomba chakula kwa dume. Ukiona anayetetemesha mbawa, thibitisha kwa kona za mdomo na kwa urefu wa mkia, kwani kinda wengi wadogo hutoka kiotani mkia ukiwa kisiki tu.

Na usimtambue kinda kwa sura ya mlezi wake. Yuko kekeo mdogo wa kijani kinachometa ambaye hutaga kwenye viota vya mnana na kuondoka zake. Baadaye utamwona mnana akihangaika kumlisha mtoto asiyefanana naye hata kidogo, mwenye mabaka tumboni na mdomo mwekundu kama tumbawe. Kekeo mpevu wa aina hiyo ana mdomo mweusi. Mdiria mdogo ni kinyume: mtoto mweusi, mkubwa mwekundu. Ndiyo maana sikubaliani na ile kanuni inayozungushwa kwamba ndege mchanga ni yule mwenye rangi zilizofifia. Husaidia nusu ya safari, halafu hukuacha njiani.

Sasa tuje kwenye manyoya, ambako ndiko kazi yenyewe iliko. Manyoya ya kwanza ya ndege huota yote pamoja kiotani, katika muda mfupi, kama sare ya shule iliyonunuliwa siku moja. Kutokana na hilo mambo mawili hufuata. Yote yana umri mmoja, hivyo yanachakaa kwa pamoja na rangi yake ni moja bawa zima. Tena yameota kwa haraka, mwili ukiwa na matumizi mengine mengi, hivyo hayakushikana vizuri. Tazama kisogoni na chini ya mkia: kwa kinda manyoya ya hapo ni mepesi, yamelegea, na upepo ukivuma yanapeperuka kivyake, wakati ya mpevu yamelala yakashikana. Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko rangi, kwa sababu haitegemei mwanga wa jua wala ubora wa darubini yako.

Mpevu hawezi kuvua yote na kubaki bila nguo, kwa hiyo hubadili manyoya machache machache. Bawa lake huwa na mchanganyiko: haya mapya, meusi na yenye kingo kamili, yale ya zamani, yamepauka na kuliwa ncha. Kwa tai na mwewe tofauti hii huonekana kutoka chini ndege akipita. Ukingo wa nyuma wa bawa la kijana wa mwaka wa kwanza ni mmoja ulionyooka, na kila unyoya una ncha iliyochongoka. Mwaka unaofuata huanza kuota mengine, mafupi kidogo na yenye ncha za mviringo, katikati ya yale marefu ya utotoni, na ukingo unakuwa na mapengo yasiyo na mpangilio. Piga picha akiwa juu yako, hata iwe mbaya, kisha ikuze nyumbani. Ukingo wa bawa husomeka kwenye picha ambayo hata macho ya ndege hayaonekani.

Mahali pazuri pa kujifunzia pindo za manyoya ni ufukweni, na hakuna mahali pa raha zaidi kuliko Mida, ule mkono wa bahari ulio karibu na Watamu, maji yakianza kujaa na ndege wakisogezwa karibu na mikoko. Chukua kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, anayezaliana kaskazini kabisa mwa Siberia. Wapevu hutangulia, na Agosti wanakuwa wameanza kufika wakiwa wamechoka, manyoya yamechakaa, vifua bado na madoa ya rangi ya tofali yaliyobaki kutoka msimu wa uchumba. Watoto huja baadaye, Septemba na kuendelea, wamesafiri bila wazazi. Weka darubini juu ya mmoja wao. Kila unyoya wa mgongoni una pindo jembamba la rangi ya maziwa lililofuata umbo lake, hivyo mgongo mzima una magamba yaliyopangwa kwa uangalifu, hakuna hata moja lililokatika. Kidarini kuna wekundu hafifu wa embe, uliopakwa bila doa. Mpevu akisimama pembeni yake anaonekana ameraruka. Ukishaona hao wawili bega kwa bega mara moja, hutahitaji kuambiwa tena unadhifu wa manyoya mapya maana yake nini.

Usikawie lakini. Novemba ikifika vijana wengi wameanza kuvaa kijivu cha kawaida, na pindo zimesuguliwa na mchanga na jua. Baada ya Mwaka Mpya kazi hiyo huhitaji teleskopu na subira ambayo wengi wetu hatuna.

Ndege wadogo wa nchi kavu wana hila yao. Wengi wao, miezi michache baada ya kutoka kiotani, hubadili manyoya ya mwilini na kuonekana wapevu kabisa, lakini huacha baadhi ya manyoya ya bawa ya utotoni. Anayemshika mkononi huyaona: mpaka kati ya mapya na ya zamani umekaa katikati ya bawa. Hii ndiyo kazi inayofanyika Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 ndege wahamao wa kutoka Ulaya na Asia wamekuwa wakivishwa pete. Usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, taa za hoteli iliyo juu ya mteremko huwavuta kutoka angani. Wanashikwa kwa nyavu laini, wanapimwa, wanavishwa pete, umri unaandikwa, wanaachiwa. Yuko mwimbaji mmoja wa kahawia kutoka mashariki mwa Ulaya, asiye na pambo lolote, ambaye umri wake husomwa kwa vidoa vya rangi ya maziwa kwenye ncha za manyoya yafunikayo bawa. Wenye vidoa ni wa mwaka huo. Idadi ya watoto kati ya wote walioshikwa huonyesha jinsi kuzaliana kulivyokwenda huko kaskazini miezi kadhaa kabla, na hapo utaelewa kwa nini watu wazima wanakesha wakitazama vidoa.

Kushika ndege ni kazi ya waliofunzwa na wenye kibali, na hilo halina mjadala. Ila unaruhusiwa kuwatembelea wanaofanya hivyo, na asubuhi moja ya kusimama kando ya meza yao itakufundisha kuliko kitabu.

Macho na ngozi zisizo na manyoya ni ushahidi mwingine. Kwezi wa kifua cha bluu na tumbo la kutu, yule anayeiba makombo mezani kwenye hoteli za mbugani, akiwa mpevu ana jicho jeupe lililokodoka na ukanda mweupe kifuani. Mtoto wake ana jicho jeusi, na ukanda ama haupo ama ni kivuli tu. Hapo ndipo wageni wanapomwita kwezi wa Hildebrandt, ambaye hana ukanda. Tazama chini ya mkia: peupe, ni yule wa kawaida, pa rangi ya kutu, ni Hildebrandt. Tumbusi wa Rüppell mpevu ana mdomo wa rangi ya pembe ya ndovu, na kijana ana mdomo mweusi. Karani tamba huzaliwa uso ukielekea manjano, na rangi ya chungwa na wekundu huja baadaye. Mumbi, yule hondohondo mkubwa wa kutembea chini, ana ngozi ya koo iliyopauka akiwa mtoto, ambayo huiva kuwa nyekundu polepole kwa miaka. Korongo taji mchanga, mnayemwona kwa wingi Uganda na magharibi mwa Kenya akifuata wazazi wake shambani, ana shungi fupi, jicho jeusi, na hana ile ngozi nyekundu ya kooni. Wakiwa watatu au wanne pamoja, inamisha darubini kwenye vichwa kabla ya kuandika idadi.

Mwewe anastahili maneno yake, kwa kuwa yuko juu ya kila soko na kila dampo. Mwewe wetu mpevu ana mdomo wa manjano. Mtoto wake ana mdomo mweusi na michirizi myeupe kifuani. Tatizo ni kwamba kuanzia Oktoba hivi huja mwewe wengine kutoka Ulaya na Asia wenye mdomo mweusi maisha yao yote. Basi kalenda ikusaidie. Mwewe wa mdomo mweusi unayemwona Dar es Salaam mwezi Julai, wageni wakiwa kwao, karibu hakika ni mtoto wa hapahapa. Ukimwona Januari ana michirizi kifuani, na hukupata picha nzuri, andika mwewe mchanga na uishie hapo.

Anayetaka kujizoeza na ndege mmoja kwa muda mrefu amchague furukombe, yule tai mla-samaki. Yupo Naivasha, Baringo, Victoria, Tanganyika na kando ya Rufiji, hukaa juu ya matawi yaliyo wazi, na hajifichi mtu akipita na mtumbwi. Mpevu anafahamika: kichwa, kifua na mkia vyeupe, tumbo la rangi ya chokoleti, mbawa nyeusi, uso wa manjano. Kijana wa mwaka wa kwanza ni kahawia yenye michirizi na mabaka meupe yasiyoeleweka, uso wa kijivu, na mkia mrefu uliochafuka weupe wenye ukanda mweusi mwishoni. Ukanda huo wa mkia ndio wa kuushika, maana huonekana hata akiwa mbali anaruka.

Baadaye, mwaka wa pili au wa tatu, kichwa huanza kuwa cheupe, lakini huacha mstari mweusi karibu na jicho, na kifua kinakuwa cheupe chenye michirizi. Hapa ndipo watu humwita osprei. Osprei ni mla-samaki mwingine anayekuja kutoka kaskazini, mwenye mbawa nyembamba zilizopinda kwenye kiwiko na tumbo jeupe lote. Furukombe ana mbawa pana kama mlango na hazipindi hivyo. Kisha chokoleti hutokeza tumboni, uso huwa wa manjano, ukanda wa mkia hufifia, na akifika miaka 5 hivi amekamilika. Lakini wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana sana, kwa hiyo usiandike "mwaka wa tatu" kwa kujiamini kana kwamba unajua siku aliyoanguliwa. Andika ulichokiona: kijana, kichwa cheupe, mstari machoni, ukanda mkiani. Hiyo ina thamani zaidi kwa atakayesoma daftari lako.

Mnana na kwera ni kichaka kingine. Msimu wa kujenga viota madume ni manjano ya kuchoma macho, na kila mtu anawajua. Msimu ukiisha dume huvua, na hapo dume, jike na mtoto huvaa mavazi yanayokaribiana, ya kijani-kahawia yenye michirizi mgongoni. Watu huwaandika wote "majike". Hilo linaniudhi kuliko kosa la kumtaja ndege asiyekuwepo, kwa sababu linaonekana sahihi na hakuna atakayelirekebisha. Tafuta kona za mdomo na ulegevu wa manyoya. Usipoona, andika "hawakuvaa msimu". Chozi nao ni vilevile, watoto hufanana na mama, na madume vijana hukaa kwa muda wakiwa na mabaka mawili matatu ya rangi inayometa kwenye koo au kifuani. Mabaka hayo si ugonjwa wala si aina mpya.

Jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havikuambii ni kwamba mwaka wao si wetu. Ulaya ndege wengi huzaliana kati ya Aprili na Julai, kwa hiyo ni rahisi kusema huyu ni wa mwaka huu na huyu ni wa mwaka jana. Kwetu wengi hufuata mvua, wengine baada ya masika na wengine baada ya vuli, wengine mara mbili, na ndege wakubwa wawindao mara nyingi hupendelea kiangazi. Kinda aliyeanguliwa Malindi Desemba 28 atakuwa "wa mwaka jana" baada ya siku 4. Ukitumia mpangilio wa kalenda bila kufikiri utajikuta umemzeesha mtoto anayelishwa. Mimi huandika mwezi, na mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, na kuacha mwaka ujisemee.

Kalenda hiyohiyo huleta kitendawili kingine pwani. Juni na Julai, vitwitwi na jamaa zao wapevu wakiwa Siberia wamevaa wekundu, utawakuta wengine kwenye matope ya Mida, mdomoni mwa mto Sabaki na katika delta ya Rufiji, wakiwa bado na kijivu. Si wagonjwa. Wengi wao ni vijana wa mwaka wa kwanza ambao bado hawana haja ya kwenda kuzaliana. Ukiwahesabu miezi hiyo, umri umeshaujua kabla hujafungua kitabu.

Kuna mmoja wa pwani ambaye habari yake ni tofauti na yao, naye ni mla-kaa, mweupe na mweusi, mdomo mnene kama nyundo. Huzaliana kwenye mchanga wa visiwa na pwani za Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, akichimba shimo refu na kutaga yai moja humo, kisha hushuka kwetu na mtoto wake. Vitoto vya ndege wengi wa ufukweni hujitafutia chakula tangu siku za mwanzo. Huyu huendelea kulishwa baada ya safari yote hiyo. Simama Mida mwezi Oktoba au Novemba na usikilize. Anayemfuata mkubwa nyuma akipiga miluzi bila kupumzika, mgongo na utosi ukiwa wa kijivu badala ya weusi uliokolea, ndiye mtoto. Kaa akichomolewa kwenye tope, ujue atakayemla ni nani.

Kuhusu vitabu, Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka 2002, kina picha za vijana wa tai na mwewe karibu wote, na kinafaa kubebwa. Kwa ndege wadogo wengi, hata hivyo, kinda hupewa sentensi moja tu katika maelezo ya ukurasa wa pili. Isome. Wengi wetu tunatazama picha na kufunga kitabu. Ukiweka kumbukumbu kwenye tovuti ya eBird, pana sehemu ya kuandika umri na jinsia. Ijaze hata kama ni kinda mmoja wa shore uani. Kwa kuwa watu wachache Afrika Mashariki huijaza, mstari wako mmoja unahesabika. Daftarini andika mambo kwa mpangilio uleule kila mara: kona za mdomo, jicho, hali ya manyoya, urefu wa mkia, alikuwa anafanya nini, alikuwa na nani. Jina la aina liwe la mwisho.

Neno kuhusu kinda aliyeanguka. Msimu wa viota ukifika watu huleta makinda kwenye maboksi, wakisema wameachwa na mama. Wengi hawakuachwa. Wametoka kiotani wakiwa bado hawawezi kuruka vizuri, na wazazi wako kwenye mti uleule na chakula mdomoni, wakisubiri wewe uondoke. Akiwa na manyoya na anaweza kushika kijiti, mwinue, umweke kwenye tawi la karibu mbali na paka, kisha nenda. Akiwa uchi, na kiota unakiona, mrudishe. Mzazi hatamkataa kwa harufu ya mkono wako. Na kiota cha tai usikitangaze, hata kwa rafiki mwenye kamera kubwa. Hasa kwa rafiki mwenye kamera kubwa.

Mwisho, zoezi linaloweza kufanywa na mtu yeyote mwenye darubini ya kawaida. Flamingo wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana Ziwa Natron, Tanzania, na kutoka huko husambaa Bogoria, Nakuru na maziwa mengine ya magadi kutafuta chakula. Waridi yao hutokana na vijimea vya majini wanavyovila, kwa hiyo mtoto huanza kijivu na kuichuma rangi hiyo polepole, kwa miaka 3 au 4. Kundi likisimama karibu na ufuo, usijaribu kuhesabu wote. Chagua sehemu ya kundi ambamo unaona miili bila kufunikana, hesabu ndege 100 mfululizo kutoka kushoto kwenda kulia, na andika wangapi kati yao ni kijivu au kahawia chenye miguu myeusi. Rudia sehemu nyingine mbili za kundi, moja ukingoni na moja katikati, kwa maana vijana hupenda kukusanyika upande mmoja na hesabu ya ukingoni peke yake itakudanganya. Chunga usichanganye na watoto wa flamingo wakubwa: wale ni warefu zaidi, na mdomo wao wa kijivu una ncha nyeusi inayotofautika, wakati wa flamingo mdogo ni mweusi-kijivu wote. Andika tarehe, ziwa, na hesabu zote tatu kando kando bila kuzijumlisha. Usipoona kijivu hata mmoja, andika 0, usiache pengo.